Usukani Mzito wa Uthmani

Uthmani alikuwa fundi wa magari Gitega, na kwa miaka minne aliitengeneza Corolla yake ya milango miwili kila alipopata nafasi. Aliweka injini yenye nguvu zaidi, akaishusha chini, akaivisha tairi pana. Ilibaki gari ya kwendea sokoni na harusini, lakini milimani ilipanda kama haina kitu ndani.

Kisha pampu ya usukani ikaanza kuvuja. Houssein, fundi mwenzake, alimshauri aitoe kabisa. Alisema usukani wa pampu ni mwepesi lakini unamficha dereva barabara. Bila pampu, mikono inajua tairi zinashika wapi na zinateleza wapi. Uthmani akafungua mkanda wa pampu, akaenda Gishubi na kurudi. Alirudi anacheka peke yake. Kila kona aliisikia viganjani. Siku hiyohiyo akaanza kutafuta usukani wa zamani, ule usiotumia pampu, aufunge moja kwa moja.

Mkewe, Mwajuma, alimsikiliza akieleza hayo yote wakati wa chakula, akafurahi kwa ajili yake. Naye aliyajua magari. Baba yake, mzee Waziri wa Muyinga, alikuwa dereva wa lori, na ndiye aliyemfundisha kuendesha. Lakini mwaka uliopita Mwajuma alianguka na pikipiki, mkono wa kulia ukavunjika kwenye kifundo, na hata baada ya mfupa kuunga alikuwa hajagusa usukani. Uthmani hakumuuliza. Alidhani anaogopa, hakutaka kumsukuma.

Mafuta ya gari yalikuwa adimu; walipoyapata wakaondoka kwenda Muyinga kumsalimu mzee, pampu ikiwa bado haina mkanda. Baada ya kupita Karuzi, Mwajuma akaomba aendeshe yeye. Uthmani akasimama palepale, akampisha.

Aliendesha vizuri. Gari ikiwa kwenye mwendo, usukani haukumsumbua. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, na Uthmani akakumbuka kwamba alikuwa hajamsikia akiimba tangu ajali.

Taabu ilikuwa kwenye lango la mzee. Njia ilikuwa nyembamba, gari ilikuwa karibu imesimama, na kwa tairi zile pana usukani ukagoma. Mwajuma alivuta kwa mikono miwili, kisha kwa wa kushoto peke yake. Uthmani akanyoosha mkono amsaidie.

"Wacha," alisema Mwajuma taratibu.

Akazima injini, akashuka, akaingia ndani kwa baba yake. Gari ikabaki nusu ndani, nusu nje.

Jioni mzee Waziri alikaa na mkwewe uani. Hakumlaumu. Alimwonyesha tu mabega yake, moja likiwa chini kuliko jingine, akamweleza kwamba alivuta usukani wa lori kwa miaka ishirini na sita, na kuna wakati Mwajuma ndiye aliyekuwa akimvisha shati asubuhi.

Kesho yake, kabla ya kuondoka, Uthmani alimwambia mkewe kwamba atafunga pampu nyingine. Mwajuma akakataa.

"Usinionee huruma. Gari iko yako. Umeihangaikia miaka minne."

"Si huruma. Jana uliimba toka Karuzi mpaka hapa. Mi nataka kusikia hiyo kuliko kusikia barabara."

Mwajuma akaufunga upya mtandio wake. Kisha akamwambia kwamba hakuwahi kuogopa. Mwaka mzima alikuwa akingoja ampe funguo. Uthmani akaona aibu, akamshika ule mkono uliovunjika.

Gitega, Houssein alimcheka kidogo, halafu akamsaidia kupata pampu nzima kwenye gari iliyokufa. Wakapunguza msukumo wake ili usukani usiwe mwepesi mno. Hata hivyo, kwenye kona za kasi Uthmani alipoteza kitu, na hakujifanya kwamba hakukipoteza.

Mwezi uliofuata walialikwa harusi Mwakiro. Mwajuma aliendesha tangu Gitega. Njiani Uthmani, ambaye alikuwa hajawahi kufumba macho akiendeshwa na mtu, akapitiwa na usingizi. Alipoamka, gari ilikuwa imeegeshwa katikati ya magari mawili, mahali finyu kabisa. Mwajuma alikuwa amekaa tu, amezima injini, akimngoja aamke.