Dirii Iliyokunywa Maji

Dirii ya kitani, vazi la vita la kukinga kifua, ikiwa imekauka, ukiigonga kwa kifundo cha kidole, inalia kama mlango wa jirani. Iliyokunywa maji hailii. Unagonga, nayo inanyamaza kama mume aliyeulizwa alilala wapi. Dirii zote kumi na moja za kikundi chetu nimezikata, nimezigundisha na kuzishona mimi, kwa hiyo katika jambo hilo mtu asinifundishe kusikia.

Jumapili ile asubuhi niliigonga ya mdogo wangu Lakis mara tatu. Mara zote tatu kimya.

"Hii haivaliwi leo," nikasema.

Lakis alikuwa amekaa juu ya kreti la pichi pembeni mwa uwanja wa mpira, anafunga kamba za viatu vyake vya ngozi. Ni fundi wa kuchomelea mabomba, ana miaka arobaini na sita, na asubuhi ile alikuwa amenyoa ndevu kama bwana harusi.

"Dada Vaia, usianze."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

"Evanthia yupo pale," akasema kwa sauti ya chini, akinionyesha kwa kidevu.

Binti yake alikuwa amekaa jukwaani mstari wa pili, amekuja kutoka Ujerumani juzi tu. Miaka tisa Lakis amesimama safu ya nyuma kabisa ya kikosi chetu, mahali ambapo mkuki wako wa mita tano na nusu unaelekea juu tu na hakuna anayekupiga picha. Leo ndiyo siku aliyopewa kusimama mbele, peke yake. Na kazi aliyopewa ilikuwa kupigwa mshale kifuani.

Hapo nieleze jambo moja, maana hata mimi nikilisikia leo natamani kumzaba mtu kofi. Sisi ni watu ishirini na watatu tunaopenda vitu vya zamani za Mfalme Filipo, na tunavaa na kuigiza jeshi lake. Watu wengine Jumapili wanacheza karata. Sisi tunagombana juu ya misumari ya ngao. Mwezi wa nane tulilivalisha gunia la majani makavu dirii yangu moja, Manousos, mpiga upinde wetu, akaipiga mshale kutoka hatua ishirini. Tabaka ni kumi na tano. Mshale ukakwama kwenye la sita. Tulishangilia mpaka mbwa wa mtaa mzima wakabweka. Mwenyekiti wetu, Daktari Argyris, ambaye riziki yake ni kung'oa meno ya watu, akapandwa na wazo: wale wa kikundi cha mji wa ng'ambo ya mto wanapiga gunia, sisi tutampiga mtu hai.

Sikupinga. Nitasema ukweli, nilijivuna. Dirii kavu ingeuzuia mshale ule, na mimi ndiye niliyeitengeneza.

Ila mwezi wa tatu nilikuwa nimemwambia Argyris, "Daktari, gundi hii ni ya ngozi ya sungura. Ikikutana na maji inarudi kuwa supu. Nipake nta juu."

Akavua miwani. Mtu huyu akitaka kukuonyesha ulivyo mjinga, kwanza anavua miwani. "Bi Vaia, hakuna andiko hata moja la kale linalotaja nta."

"Wala hakuna linalotaja sungura wangu."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Ikaandikwa kwenye kitabu cha mikutano kwamba nta ni marufuku, tutadumu na uhalisi. Saa ya mkononi anavaa, tena ya betri, lakini nta ni marufuku. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Jumamosi sasa, siku moja kabla ya maonyesho, akatuvusha Mto Ludia, maji ya kifua, ili picha zitoke kama jeshi lilivyovuka zamani. Nilipiga kelele ukingoni mpaka koo likakauka. Baada ya picha dirii zikarundikwa nyuma ya gari la samaki la shemeji yake, zikalala humo na unyevu wao, moja juu ya nyingine.

Mojawapo ndiyo niliyokuwa nimeishika Jumapili ile.

Nikamfuata Argyris. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja na kipaza sauti, joho jekundu begani, anasalimia watu kama mgombea.

"Daktari, dirii ya Lakis imelowa."

Akaziba kipaza sauti kwa kiganja. "Nimeigusa. Imekauka."

"Umegusa tabaka la juu. Ndani ni uji. Igonge."

"Bi Vaia, kuna watu mia nne hapa."

"Basi watakuwa mashahidi mia nne."

"Una hofu ya dada, naielewa," akasema, na hapo akaniwekea mkono begani. Jamani. Mimi nimefanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha kumenya pichi, nimeshikwa bega na wasimamizi wa kila aina, na sijawahi kuwa karibu kuuma mkono wa mtu kama siku ile.

"Vaa wewe," nikamwambia.

"Nani?"

"Wewe. Imekauka, si umeigusa? Kiuno chako na cha Lakis ni kimoja, nimewapima wote wawili. Vaa, nikufunge kamba sasa hivi."

Akatazama jukwaa, akatazama kipaza sauti. "Na nani atawaeleza watu?"

"Mimi nitawaeleza. Nitawaambia hapa amelala daktari wa meno."

Manousos akacheka, kisha akajizuia. Huyu ni Mkrete, mtu wa kisiwa kilichosifika tangu kale kwa wapiga upinde, kazi yake mwoka mikate, na upinde wake anaupenda kuliko mkewe. Mkewe mwenyewe ndiye aliyetuambia. Nikamgeukia. "Nawe mwoka mikate, uligonga?"

"Mwenyekiti kaniambia imekauka, mama."

"Akikwambia mkate umeiva unautoa jikoni bila kuuchungulia?"

Akakuna shingo. "Naweza kuvuta upinde nusu tu."

Hilo Lakis alilisikia. Alikuwa amekuja nyuma yetu, uso umemwiva. "Nusu? Mimi mtoto? Vuta yote." Akaninyang'anya dirii. "Na wewe dada, miaka yote unanisemea. Shuleni ulinisemea, kwa mke wangu ulinisemea mpaka akaondoka. Leo nyamaza. Siku moja tu, nyamaza."

Yale maneno yaliniingia. Sitasema hayakuniingia, na habari ya mkewe ina ukweli ndani yake. Lakini kuna hasira ya kuumizwa na kuna hasira ya kuona mtu wako anakwenda kufa kwa ajili ya makofi, na hii ya pili haisubiri ya kwanza imalize.

Argyris alikuwa ameshafungua kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, kwa mara ya kwanza katika mkoa wetu, mtu hai!" Watu wakapiga makofi. Evanthia alisimama na simu yake juu, anacheka, anaita, "Baba! Baba, geuka huku!" Naye Lakis akageuka, akainua mkono, nikaona alivyopendeza, mpumbavu yule, na kamba za bega la kushoto bado hajafunga.

Mkasi wangu wa kukatia bati hauondoki mkandani. Ndio ninaokatia kitani kilichogundishwa. Dirii kavu, kukata shingo yake tu hunipa malengelenge ya wiki nzima, na huwa naukandamiza mpini kwa goti. Nikamfikia Lakis, nikaishika dirii kifuani kwa chini, nikaingiza mkasi.

Ulipita kama kwenye jibini mbichi.

Sikutumia nguvu. Nilikata kutoka kiunoni mpaka kooni kwa mikato minne, na tabaka zikafunguka kama kurasa, nyeupe, zinateleza gundi. Miezi saba ya kazi yangu. Uwanja mzima ukasema "aaa!" kwa pamoja.

"Umefanya nini?" Lakis akauliza. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mkasi. Amenisaidia kukata dirii mbili, anajua goti langu linavyofanya kazi.

"Uharibifu wa mali ya chama!" Argyris akapiga kelele, akasahau kwamba kipaza sauti kiko wazi.

Manousos hakungoja amri ya mtu. Alimvua Lakis kipande cha kushoto, kile kizima kisichoguswa na mkasi, akakifunga kwenye lile gunia la mwezi wa nane, tulilokuja nalo. Akarudi hatua ishirini, akazihesabu kwa sauti. Akavuta yote.

Mshale uliingia mpaka kwenye manyoya. Ncha ilitokea upande wa pili wa gunia, imebeba majani.

Na watu wakashangilia! Mia nne wamesimama, wanapiga miluzi, wakadhani ndiyo onyesho. Na yule bwana, badala ya kukaa chini na kulia, akainua kipaza sauti: "Mmeona wenyewe, ndugu zangu, nguvu ya upinde wa Krete!"

Damu ilinipanda mpaka machoni. Lakini kabla sijafika kwake, Lakis alikuwa ameshafika. Mdogo wangu hajawahi kusema mbele za watu. Siku ya ndoa yake nilijibu hotuba mimi. Alikichukua kipaza sauti kutoka kwenye mkono wa Argyris taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Mimi ni Lakis," akasema, na sauti ikakwaruza uwanja mzima. "Hiyo ilikuwa yangu. Ningekuwa ndani yake. Ilikuwa imelowa, dada yangu alisema imelowa, na huyu aliambiwa. Msipige makofi."

Makofi yakakatika, kwanza mbele, kisha nyuma. Evanthia alikuwa ameshusha simu. Alianza kushuka ngazi za jukwaa, anasukuma magoti ya watu.

"Lakis, mpenzi, tutaongea kwenye kikao," Argyris akasema, mkono mbele, anataka chombo chake.

Lakis akampita. Akaja moja kwa moja kwangu, bado uso umevimba kwa hasira, hasira dhidi yangu mimi pia ikiwemo humo, na akanitia kipaza sauti mkononi.

"Haya," akasema. "Sema sasa."

Kulikuwa na watoto pale uwanjani, na padri alikuwa mstari wa kwanza. Nilikuwa na maneno tangu mwezi wa tatu. Niliyasema yote.