Matumbo ya Kisima

Siku fundi bomba alipolifunga lile chujio la maji jikoni, Mama Shela alipiga vigelegele peke yake. Msimcheke. Kazi yake ilikuwa kukodisha magauni ya harusi, na gauni jeupe halina urafiki na maji ya tope. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amefua gauni la mteja, akalianika, likakauka na rangi ya chai ya maziwa. Bibi harusi alilia. Mama wa bibi harusi hakulia, yeye alitukana, na aliyewahi kutukanwa na mama wa bibi harusi hahitaji kusimuliwa.

Dukani kulikuwa na machujio ya aina mbili. La kwanza lilikuwa na mtungi wa buluu usioonyesha kitu. La pili mtungi wake ulikuwa wa plastiki angavu, unaona mpaka ndani, mlimosimamishwa roli nene la nyuzi nyeupe. "Chukua hili linaloonyesha, dada," muuzaji alimwambia. "Nyuzi zikichafuka utaziona mwenyewe, utajua wakati wa kubadilisha umefika." Yalikuwa maneno ya maana, naye akalichukua.

Maji yaliingia mtungini yakiwa ya kahawia, yakapenya kwenye nyuzi, yakatokea upande wa pili meupe pe. Kufikia jioni nyuzi zilikuwa zimegeuka rangi kama soksi za mchunga ng'ombe. Lakini kabla ya jioni hiyo kufika, fundi bomba alikwisha kuharibu mambo. Alikuwa mtu wa mizaha, na mdomo wake haukuwa na koki.

"Lahaula! Humu ndani mnakunywa uji!" alisema huku akicheka. "Nani aliwachimbia kisima hiki, adui yenu?"

Aliyekichimba alikuwa ameketi kwenye kiti chake mlangoni mwa jiko, kikombe mkononi.

Huyo alikuwa baba mkwe wa Mama Shela, mwenye nyumba. Wachimbaji wenzake walimwita Fuko, kwa sababu ujana wake wote aliumalizia chini ya ardhi akichimba visima vya watu. Vingine vyote alichimba kwa ujira. Hiki cha nyuma ya nyumba alikichimba kwa mapenzi, alipokuwa ndio kwanza ameoa, wakati kiwanja kikiwa pori tupu. Hata mkewe alipokufa, alichokumbuka kuwasimulia waombolezaji ni namna mama huyo alivyoteka ndoo ya kwanza akajitazama uso wake majini. Kisima kile kilikuwa fahari yake, na mtu akishazeeka fahari hazimbakii nyingi.

Sasa macho yalikuwa yameingia ukungu, na maji yalikuwa yameharibika bila yeye kujua. Mama Shela na mumewe walijua, wakanyamaza. Walinunua vikombe vyeusi, wakazidisha majani ya chai, wakaishi hivyo. Ulikuwa uongo wa mapenzi, ule ambao watu huambizana katika kila nyumba yenye mzee. Lakini mtungi ule ulining'inia ukutani mkabala na kiti chake, dirisha likiupiga mwanga kwa nyuma, na hata jicho lenye ukungu huona kahawia mbele ya mwanga.

"Mwanangu," mzee aliita fundi alipoondoka.

"Abee, baba."

"Maji yamekuwa hivi tangu lini?"

"Ni ya leo tu, baba. Ni hizi mvua."

"Mvua zipi?"

Mama Shela alichungulia dirishani. Mvua ilikuwa haijanyesha muda mrefu, na nyasi za uani zilikuwa zimekauka.

"Umenitundikia matumbo yangu ukutani," mzee alisema taratibu. "Kila apitaye ayatazame."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma mkwewe. Alimpenda mzee yule. Yeye hakuwa na mtoto, na jina la Mama Shela alipewa na wateja tu. Katika ukoo mzima wa mumewe ni mzee huyu peke yake ambaye hakuwahi kumuuliza lini atazaa. Alimwita mwanangu tangu siku ya kwanza, na hakuliacha.

Kesho yake aliufunika mtungi kwa kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye ushonaji. Mzee alikitazama, akaangua kicheko. "Sasa umelivalisha shela! Mahari yake mmemlipa nani?" Wakacheka wote wawili, lakini tangu siku hiyo chai yake alianza kuinywea chumbani.

Mama Shela alijiambia atarudi dukani akabadilishe, achukue lile la buluu. Ulikuwa msimu wa harusi, magauni yakitoka na kuingia, akawa anasema kesho, kesho. Ngojangoja huumiza matumbo. Wateja walikuja kujaribu nguo, wakapita jikoni kunywa maji, wakafunua kitambaa kama watu wafunuavyo sufuria za wenyewe, na kila aliyefunua alikuwa na neno. Ukuta kati ya jiko na chumba cha mzee ulikuwa mwembamba.

Siku moja mzee alitoka chumbani akiwa amevaa kaptura yake ya kazi ya zamani. "Nashuka," alisema.

Mume wa Mama Shela alikuwa anakula. Alikuwa mpaka rangi wa majumba, mtu mpole, rangi haimtoki kuchani. Kijiko kilisimama hewani. "Unashuka wapi, baba?"

"Kisimani. Pete ya zege ya chini imecheza, tope linaingilia hapo. Panatakiwa kuzolewa, paletwe kokoto mpya. Tutaweka vijana wachimbaji? Aje mtoto wa watu anisafishie kinyesi changu?"

"Baba, umri huo!"

"Kisima hakiulizi umri."

Mama Shela alipiga magoti. "Baba, chujio nitaling'oa leo hii."

"Ukiling'oa tope litakwenda wapi, mwanangu? Litarudi kwenye vile vikombe vyenu vyeusi."

Kumbe alijua. Mama Shela aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Walibishana naye siku kadhaa, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mwisho mumewe aliona heri nusu shari. Kama lazima ashuke, basi asipigane na ndoo za maji. Aliazima pampu ya petroli kwenye jengo alilokuwa akipaka rangi, ili maji yakaushwe kwanza, mzee ashuke kuzoa tope tu. Ilikuwa huruma ya mwana kwa baba yake, na watu wanaosema vingine wanyamaze.

Pampu ikiwa juu haikuweza kuvuta kutoka kina kile. Waliifunga kamba, wakaiteremsha, wakaikalisha juu ya kijirafu cha mawe ambacho mzee mwenyewe alikijenga ndani ya kisima zamani za ujana wake. Ilinguruma asubuhi nzima. Moshi ulipanda mdomoni mwa kisima, maji ya kahawia yakatiririka uani mpaka njiani, na majirani wakaruka madimbwi huku wakiguna. Maji yalipokwisha waliizima, wakangoja. Moshi ukaisha, harufu nayo ikaisha, au pengine pua zao zilikuwa zimeizoea.

Mumewe alikwenda kukunja mpira wa maji. Mzee alimwita Mama Shela karibu na ukingo.

"Sheria ya kisima ni moja," alimwambia kwa sauti ya chini. "Mtu akinyamaza chini, mwingine asishuke. Hata awe nani. Nimeona ndugu watatu wakifuatana hivyo, na wote niliwapandisha kwa kamba mimi. Mume wako ana moyo wa mama yake, atarukia. Wewe hutamwacha ashuke. Niapie."

"Baba, kama kuna hatari usishuke."

"Niapie kwanza, halafu tuangalie hatari."

Aliapa. Aliapa kama mtu anavyomwitikia mzee ili yaishe. Kisha mzee aliwasha kandili, akalifunga kamba, akaliteremsha polepole hadi chini kabisa. Mumewe aliporudi, wote watatu waliinama kutazama. Mwali ulisimama imara, haukufifia, haukuyumba. Mzee alitabasamu. Ndivyo alivyopima hewa maisha yake yote: taa ikizimika, hushuki, ikiwaka, unashuka, na ndiyo maana alikuwa amezeeka katika kazi inayoua vijana. Mama Shela aliuona mwali ule akapumua, na ule mwali ndio uliomfanya aiachie mikono ya mzee.

Alichokijua Fuko alikijua sawasawa. Asichokijua, kwa sababu enzi zake mashine hazikuteremshwa visimani, ni kwamba hewa yenye sumu ya moshi wa petroli haizimi taa. Huuacha moto ukiwaka, ikamchukua mtu.

Alishuka akiwa amekalia kibao, mwanawe akiachia kamba kidogo kidogo kwenye kapi. Alipofika chini aliifungua kamba kiunoni, kwa sababu hakuwahi kufanya kazi akiwa amefungwa kama mbuzi. Ndoo ya kwanza ya tope ilipanda. Ya pili ikapanda. Sauti yake ilikuwa ya kijana.

"Mama Shela! Huku chini kuna baridi, niteremshie gauni!"

"La mikono mirefu au mifupi, baba?"

"Lenye mkia!"

Walicheka. Mumewe alicheka hadi akafuta machozi, maana alikuwa hajamsikia baba yake mchangamfu hivyo tangu mama afe. Ndoo iliyofuata ilichelewa.

"Kichwa kinanigonga kidogo," mzee alisema kutoka chini.

"Panda, baba!" Mama Shela aliita. "Panda sasa hivi!"

"Namalizia hapa kwenye pete."

Baada ya hapo hakusema tena. Waliita wakasikia mwangwi wao wenyewe. Kisha kilipanda kitu kingine, mkoromo mzito wa mtu aliyelala fofofo. Kandili lilikuwa bado linawaka pembeni yake, na kwa mwanga wake walimwona ameketi, mgongo ukutani, kidevu kifuani.

Mumewe alivua viatu. Mguu mmoja ulikuwa tayari umevuka ukingo Mama Shela alipomdaka kiunoni, wakaanguka wote kwenye tope la uani.

"Niache! Anapumua! Humsikii anapumua?"

Alikuwa anamsikia. Alimkumbatia miguu, akafunga mikono yake, akapiga yowe la kuita majirani. Mumewe, ambaye hakuwahi kumwinulia mkono, alimpiga ngumi kichwani, akampiga mdomoni, damu ikatoka, na yeye hakuachia. Alitamani kuachia. Hilo alikuja kulisema baadaye bila kuficha: mkoromo ule ulikuwa wa mtu aliyemwita mwanangu, na kila ulipopanda mikono yake ilitaka kulegea. Majirani walifika, wanaume wakamkalia mumewe, wengine wakateremsha kamba zenye kulabu zisizoshika kitu. Akawa analia "Baba, baba" kama mtoto aliyepotea sokoni. Mkoromo uliendelea. Ukawa wa mbali mbali. Halafu watu wote uani wakanyamaza kusikiliza, na hapakuwa na cha kusikiliza.

Zimamoto walikuja na mitungi ya hewa mgongoni, wakamtoa. Mkubwa wao alimsimamia mumewe, akamwambia, "Ungeshuka, tungetoa wawili." Maneno hayo yalirudiwa na kila mtu msibani. Mama Shela alisifiwa. Shangazi wa mumewe, yule yule aliyekuwa akimuuliza habari za kuzaa, alimbusu mikono mbele za watu. Mumewe aliyasikia yote, akaitikia kwa kichwa, akawashukuru.

Tangu hapo hakumtukana mkewe wala hakumnunia. Alikula alichopikiwa, akiulizwa alijibu, akitoka aliaga. Ila alihamia kulala chumbani kwa baba yake, na hakumtazama usoni. Alipozungumza naye alitazama mlango, au sahani, au mikono yake yenye rangi. Mama Shela aliongea na mlango huo na sahani hizo mpaka akachoka. Mume aliyemwokoa alikuwa mzima, anatembea nyumbani, na hakuwa naye.

Ikaja siku mumewe akaanza kukifukia kisima. Hakutaka msaada wa mtu. Alileta udongo kwa toroli kutoka kwenye jengo, akamimina, akarudi kuleta mwingine, jasho likimtiririka. Mama Shela alimtazama kutoka jikoni mpaka akashindwa. Alikwenda akasimama kando ya ukingo, mahali pale pale walipoanguka.

"Nipige tena," alimwambia. "Nitukane. Sema lolote."

"Sina la kusema. Ulifanya sawa. Wote wanasema ulifanya sawa."

"Sikuulizi wote."

Mumewe alichota udongo, akautupa, wakasikia unavyotua. Mama Shela alijua kulikuwa na neno moja ambalo lingemrudisha. Angesema tu kwamba anajuta, kwamba laiti angemwacha ashuke, wangelia pamoja na yangekwisha. Alilitafuta moyoni na hakulikuta, na hakutaka kumdanganya mtu mwingine tena ndani ya nyumba ile.

"Ningekushika tena," alisema. "Hata leo. Hata angekuwa anaita jina langu."

Mumewe alisimamisha koleo. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliinua macho akamtazama, akautazama mdomo wake uliobaki na kovu, akamtazama kwa muda mrefu.

"Najua," alisema. "Hilo ndilo linalonishinda."

Akachota udongo mwingine.