Upande wa Pili wa Waya

Kila asubuhi Mzee Vuta alilifuta gari lake kwa kitambaa chenye unyevu, kuanzia paa hadi magurudumu, akaruka sehemu moja tu. Ilikuwa mbele, juu ya bampa, pale winchi, mashine ya kuvutia magari, ilipolala ndani ya turubai la kijani lililofungwa kwa kamba nyeupe. Kitambaa kilifika ukingoni mwa turubai, kikageuka, kikarudi kilikotoka.

Fundo la kamba ile lilikuwa la mke wake.

Walikuwa wamezeeka pamoja kando ya barabara ya malori ya chumvi. Malori yalipita mchana kutwa yakichuruzika maji ya chumvi, na kila kilichokuwa cha chuma mtaani kililiwa polepole, mageti, mabati, hata vitasa. Gari lililozama kwenye tope la kando ya barabara hiyo lilikwamuliwa na mzee. Ndiyo maana watu walimpa jina hilo. Lakini aliyeiweka winchi hai alikuwa mkewe. Kila waliporudi aliimwagia maji ya bomba, akautoa waya wote hadi mwisho, akauacha ukauke, akaupaka mafuta. Kisha alivaa glavu za ngozi, akaishika ndoano na kuukaza waya, naye mzee akabonyeza kitufe. Waya usiposhikwa upande wa pili hujiviringa ovyo na kujitafuna wenyewe. Basi mama yule alikuja hatua kwa hatua kutoka getini, akivutwa na mashine, na kila mara alikuwa na neno lilelile: “Nivute taratibu, bwana. Sikimbii.”

Jioni moja ya mvua mama aliifunika winchi kabla haijakauka. Hakuwahi kufanya hivyo; alikuwa mkali kwa yeyote aliyefunika chuma kibichi. Siku hiyo alisema kifua kinambana, acha akajilaze kidogo, wataifungua kesho. Kesho ilimkuta hospitalini, na kutoka huko hakurudi.

Mzee Vuta alijua. Alijua kwamba ndani ya lile turubai chumvi imejifungia na chuma, na kwamba kila siku aliyoiacha kamba ile ilikuwa ikiimaliza winchi. Lakini fundo lilikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya mkewe, na nyumba nzima haikuwa na kitu kingine ambacho hakijaguswa na mtu baada yake. Watu walipokuja kumwomba msaada, alisingizia betri. Mwishowe wakaacha kuja, na geti likabaki likilia peke yake kwa upepo.

Aliyeligonga asubuhi moja alikuwa jirani yake muuguzi, sare yake ikiwa na matope hadi magotini. Gari lake lilikuwa limezama, na mwenzake wa usiku hakuweza kuondoka wodini mpaka yeye afike. Mzee akaanza habari ya betri. Akaikatiza njiani. Muuguzi huyo ndiye aliyekuwa zamu siku mkewe alipofariki, ndiye aliyemfumba macho, na kumdanganya mtu huyo kulimshinda mzee. Akachukua funguo.

Kule barabarani alipiga magoti mbele ya bampa. Fundo lilikuwa limekauka kwa chumvi, gumu kama mfupa, akalichokoa kwa kucha. Lilipolegea, alihisi kana kwamba mtu amemwachia mkono. Maji ya rangi ya chai yalimwagika kutoka ndani. Waya ulikuwa umeshikana kwa kutu, mkunjo kwa mkunjo. Alipobonyeza kitufe, mota iliguna, ngoma inayokunja waya isizunguke.

Lori la chumvi ndilo lililomtoa muuguzi, kwa mnyororo wake mbovu.

“Nisamehe, mwanangu,” mzee alisema. “Ilifungwa mbichi. Nilijua, nikaiacha. Fundo lilikuwa la mama.”

Muuguzi alikuwa amekwisha chelewa, lakini aliinama, akaiokota kamba matopeni, akaikung'uta na kuikunja vizuri. Akamwekea mkononi.

“Hata mimi nisingefungua,” alisema.

Mzee alilia njia nzima ya kurudi, kilio alichokuwa amekiahirisha tangu mazishini.

Kazi ikaanza kesho yake. Aliifungua winchi vipande, akailoweka kwa mafuta ya taa, akaisugua kwa brashi ya chuma mpaka ngoma ikakubali kuzunguka. Sehemu ya waya iliyooza aliikata. Iliyobaki aliisafisha, akaitandaza uani ikauke juani, akaipaka mafuta kama alivyoona ikipakwa miaka yote. Turubai lilikuwa kwenye kamba ya nguo, likipunga hewa.

Kilichobaki kilikuwa kuukunja waya, na hapakuwa na wa kuushika. Alitazama kwa muuguzi. Mlango ulikuwa na kufuli, yuko zamu. Mzee aliishika ndoano, akauvuta waya hadi getini. Mwishowe aliifunga kwenye nguzo ya geti, pale mkewe alipokuwa akianzia kutembea, akazitundika glavu za ngozi juu yake.

Nguzo haitembei. Ilibidi gari ndilo liende.

Akaingia, akaliweka gia huru, akagusa breki kidogo ili waya ukaze, akabonyeza. Ngoma ikazunguka. Gari likaanza kusogea lenyewe kuelekea getini, na waya ukajipanga, mkunjo kando ya mkunjo.

“Nivute taratibu,” alisema kwa sauti, uani pakiwa hapana mtu. “Sikimbii.”