Jicho Lililo Tumboni

Kutaiba, mwenye duka la kompyuta pale Wihdat, aliniapia kwamba mausi ile ni nyepesi kuliko zote, vijana wa michezo ya kupigana risasi wanaigombania. "Hajati, wewe pumua tu, kishale kimeshafika." Nikamwamini. Nilidhani wepesi na shabaha ni kitu kimoja.

Basi tangu asubuhi nimepumua, na kishale kimefika kila mahali isipokuwa ninapotaka.

Nilikuwa nanakili nakshi za mkono wa gauni la marehemu mama, gauni lililochakaa hata ukiligusa linakubakia vidoleni. Mshono mmoja, kiboksi kimoja kwenye kioo cha kompyuta. Alasiri mafundi wangekuja kuchukua karatasi ya nakshi hizo waanze kudarizi gauni la harusi la mjukuu wangu Rihafu. Wasipoikuta, watatia nakshi za kitabuni kama za kila mtu. Na mimi miti myembamba ya nakshi za kijiji chetu inatoka imepinda, kama imepitiwa na tetemeko.

Rihafu akapunguza wepesi wa kishale hadi nusu, kisha robo. Kishale kikawa kizito, na bado kikaruka. Akasema kwa upole labda ni mkono wangu. Upole huo ndio ulioniudhi. Mkono huu umetunga uzi kwenye sindano leo leo, bila miwani.

Nikaipindua ile mausi, kama nilivyozoea kupindua darizi ya msichana nione upande wa nyuma. Taa nyekundu ikanitazama.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega, bibi, ila saa saba hii."

"Jicho langu liko tumboni."

"Si hiyo mausi? Hata mtoto..." Sote tukatazama kile jicho lilichokuwa likikitazama: kitambaa changu cha meza, kilichojaa darizi nyekundu na nyeusi, nilichokitandika kuiheshimu kazi.

Nikakigeuza, labda upande wa nyuma hautalichanganya jicho kwa nakshi. Wapi! Nyuma ya darizi yangu ni nadhifu kama mbele. Miaka hamsini najivunia hilo, na leo ndilo linanitesa. Rihafu alicheka mpaka akakaa chini.

Nikakiondoa, nikaweka jalada la daftari. Kishale kikatulia kwenye kiboksi changu.

Mafundi walipogonga mlango nilikuwa nimebakiza safu tatu. Mmoja akauliza mbona meza iko uchi, kuna msiba? Nikamwambia anywe chai, asinipotezee hesabu.