Uso wa Mzee Bartholomew

"...na akikauka tu anakuwa mweupe tena, wallahi, Asmaa, mweupe kama amepakwa unga!"

Hidaya alikuwa amebana simu kwa bega, na mkononi ameshika mzee wa watu, mrefu kama kidole cha kati. Asmaa, dada yake, alicheka kwanza, halafu akauliza wenyewe wanakuja saa ngapi. Saa nane. Na hiyo ilikuwa saa saba na nusu.

Sikia vile ilikuwa. Mama mmoja wa Ndithini, Mwelu, aliagiza sanamu ndogo ya marehemu mumewe, Bartholomew, iwekwe kwa kisanduku cha kioo siku ya misa ya kumkumbuka. Misa ni kesho. Picha iliyobaki ni ile ya kitambulisho, imefifia, na Mwelu hakutaka mengi: koti lolote, viatu vyovyote, lakini uso uwe wake.

Na Hidaya, tangu amalize koleji, kama kuna kitu anajua ni uso. Alipulizia sanamu yote rangi nyeusi kwa kile kibomba chake chembamba kama kalamu, akangoja, akapulizia nyeupe kutoka juu peke yake, vile jua la saa sita humwangukia mtu: paji la uso, pua, mashavu. Chini ya kofia na kidevu akaacha giza. Halafu hudhurungi, nyepesi kama chai ya rangi, safu juu ya safu, ili giza lichungulie kwa chini. Mzee akabakisha kidogo tu apumue.

Shida ni maji. Mfereji ulikauka tangu Jumatatu, kwa hivyo rangi aliichanganya na maji ya kisima kutoka jerikeni ya jikoni. Yale yale yanayoacha ukoko mweupe kwa sufuria ya chai, na yeye mwenyewe huukwangua kila Jumamosi. Kwa chai alijua. Kwa rangi hata hakufikiria.

Akapulizia tena. Rangi ikiwa mbichi, Bartholomew alikuwa mzima kabisa, unaweza kumwamkia. Ikikauka, chumvi inatoka, naye anaondoka. Akampanguza na kitambaa chenye maji, kumbe ni maji yale yale. Safu ya nne, pua ikaanza kujaa rangi. Ya tano ingeifuta. Hidaya akaweka kibomba chini, akakaa, kompresa ya kusukuma hewa ikinguruma bure, akamtazama akiwa mweupe.

Mwelu akaingia na mwanawe Makau, mtu mzima na ndevu zake. Makau aliinama, akatazama.

"Kwani baba alikuwa mzungu?"

Hidaya akaeleza mambo ya mfereji, ya kisima, maneno yakipandana. Anaweza kumwosha aanze upya, lakini hiyo ni siku tatu. Makau akasema kitu kama hicho hawezi kukiweka mbele ya padri, heri wakae bila.

Mwelu alichukua sanamu, akaipeleka mlangoni kwa mwanga.

"Ni chumvi tu, Susu," Hidaya akasema, akimwita nyanya vile Wakamba huita. "Nisamehe."

"Najua ni chumvi. Hata sufuria yangu iko hivyo." Hakugeuka. "Lakini hivi ndivyo alitoka kwa tanuri ya chokaa, kule Katelembo. Waliingia wawili, yeye na ndugu yake. Akatoka peke yake, akiwa hivi."

Makau, ambaye hajawahi kusikia baba akitajiwa ndugu, akamgeukia mama. "Ndugu gani?"

Hapo Hidaya alitamani amnyang'anye ile sanamu, aikwangue mpaka kwa plastiki, mambo yarudi vile yalikuwa asubuhi. Lakini mama alikuwa ameshaifunga kwa leso, polepole, kichwa kikiwa cha mwisho kufunikwa.

"Atakaa hivi hivi," Mwelu akamwambia mwanawe. "Leo mdomo wangu hauwezi. Kesho misa ikiisha, watu wakienda, kaa na mimi, nitakuambia yote."