Shati Kwenye Ndoo ya Chumvi

Wazazi wenzangu, mimi niliishia darasa la saba, sina maneno mengi. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nimeumwa.

Baba watoto alikuwa dereva wa lori. Alipofariki, binti yetu wa miaka sita alikuwa kwa mama yake mdogo. Tulizika bila yeye. Aliporudi nikamwambia baba amesafiri. Nilisema kesho nitamweleza. Kesho ile ikawa miezi minne.

Jumapili moja mchana mdogo wangu, aliyekuja kukaa nasi baada ya msiba, alileta filamu ya watu wa baharini. Malkia wao huchukua wanaume na kuwaweka chini ya maji. Anayempenda mtu wake akiloweka nguo yake kwenye maji ya chumvi siku saba, mtu huyo hurudi. Niliifurahia, sitaficha. Tangu msiba nilikuwa sijacheka. Binti akauliza kama baba naye kachukuliwa na yule malkia. Mdogo wangu akanitazama. Nikajibu, huku nacheka, huenda.

Wiki ile chumvi ikawa haikai jikoni. Nikamtania mdogo wangu kwamba anailamba kama mbuzi. Akasema afadhali mbuzi kuliko mchuzi wangu.

Jumapili iliyofuata nilimkuta binti kaketi mlangoni na gauni lake jipya, nywele kajichana upande mmoja.

"Leo ndiyo ya saba, mama."

Akanishika mkono hadi bafuni. Nyuma ya mlango kulikuwa na ndoo, na ndani yake shati la kazi la baba yake. Ndilo pekee nililokuwa sijalifua. Nililificha sandukuni ndani ya mfuko wa nailoni, na uchungu ukinizidi nilikuwa nazika uso kwenye ile kola. Nikalitoa majini, nikalinusa. Chumvi tu.

Mkono ulinyanyuka nimpige. Nikaushusha, nikakaa sakafuni.

"Baba amekufa, mwanangu. Tulimzika. Harudi."

Akauliza, "Kwa hiyo nimwage maji?"

Tukayamwaga pamoja.

Mwambieni mtoto ukweli mapema, hata kama ulimi unakuwa mzito. Mimi harufu ya baba yake imenipotea kwenye lile shati, hilo nitalizoea. Ila siku hizi nikiaga naenda sokoni, binti yangu hunishika nguo na kunikazia macho.

"Sokoni kweli, mama?"