Chumba cha Ndani ya Pazia

Kamau alirudi kutoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, akamkuta Jairus amekwisha kuamka na kugeuza mto. Ndivyo walivyokubaliana tangu walipoanza kukodi kitanda kimoja huko mtaa wa Ladywood. Jairus alilala usiku, Kamau alilala mchana, na anayeondoka aligeuza mto ili anayeingia apate upande usio na jasho. Kitanda chenyewe hakikuwahi kupoa. Jumamosi hiyo ya Julai 1969 hata upande wa pili wa mto ulikuwa na joto, kwa sababu Birmingham nzima ilikuwa na joto.

"Leo ni siku ya sista," Kamau alisema akivua viatu.

"Amepata mapumziko."

"Utampeleka wapi?"

"Kutembea."

"Mwezi uliopita mlitembea. Mtaimaliza Uingereza kwa miguu, nyinyi." Akajilaza, akaanza kukoroma kabla Jairus hajamaliza kufunga kamba za viatu.

Jairus Onyango na Kemunto walifunga ndoa mwezi wa Machi, na tangu siku hiyo hawakuwahi kufunga mlango wakiwa wote wawili upande mmoja. Kemunto alikuwa akisomea uuguzi, ndiyo maana walimwita sista, na alilala katika bweni la wauguzi ambamo mwanamume hakuruhusiwa kupanda ngazi, awe mume au askofu. Nyumba ya Jairus haikuruhusu wanawake. Walikuwa wametafuta chumba tangu kabla ya harusi. Huko Great Barr mama mmoja aliwaambia kwa upole kwamba chumba kimechukuliwa sasa hivi tu. Walipokuwa wakisubiri basi ng'ambo ya barabara, kadi ya kutangaza chumba ilikuwa bado dirishani. Jairus aliiona, Kemunto aliiona, na kila mmoja akajifanya anaangalia kama basi linakuja.

Sasa binamu yake Kemunto, Gertrude, alikuwa amefika kutoka Kisii na ujumbe wa mama. Mama hakutaka blanketi wala kitambaa. Alitaka picha ya mahali binti yake anapolala na mumewe. Alikuwa ameota Kemunto amelala kibarazani kwa watu, na tangu ndoto hiyo chakula kilikuwa hakimpiti.

"Tupige picha kitanda chako," Kemunto alisema walipokutana kituo cha basi. Alikuwa amevaa gauni lake la njano, lile la Jumapili.

"Kamau atatokea kwenye picha."

"Mdomo wazi."

Wakacheka. Kisha Kemunto akasema, "Siwezi kumdanganya mama, Jairus. Na ukweli pia siwezi kumwambia."

Walikwenda kwa Lakhbir, mpiga picha aliyezaliwa Kisumu na kuhamia Birmingham mwaka uliotangulia, akiwa na kamera mbili na mapazia ya baba yake yaliyochorwa. Wageni wengi walipiga picha kwake za kupeleka kwao. Yeye aliwaazima saa, mkoba, hata tai.

"Watu wa nyumbani!" Lakhbir alisema. "Karibuni, jasho na yote."

"Tunataka lile pazia la sebule," Kemunto alisema. "Lenye kabati la vitabu."

"Sebule iko na watu, sista. Familia moja ya Jamaika imeingia tangu asubuhi, na mtoto wao amelala. Nitawatoaje?"

Kweli, kutoka ndani ya pazia la sebule kulisikika kijiko kikikoroga chai.

"Kuna nini kingine?" Jairus aliuliza.

"Kuna Italia."

Alishusha pazia kubwa kutoka darini. Lilikuwa limechorwa mji wa Lucca saa sita mchana, mwezi wa Agosti, na kwenye mkunjo rangi ilikuwa imeanza kupasuka. Lakhbir alieleza kwamba wakati wa vita mfungwa mmoja wa Kiitaliano, aliyekuwa akijenga barabara kule Bonde la Ufa, alimchorea baba yake pazia hilo ili apewe mkate. Alichora mji wake, na kwa kuwa alitamani sana kurudi, aliuchora kiasi cha kuingilika.

"Mtaona mama kwenye nyumba ya madirisha ya kijani," Lakhbir alisema. "Huyo ndiye mama yake. Atawauliza kama mwanawe anakula. Mwambieni anakula."

"Na kweli anakula?" Jairus aliuliza.

"Alirudi kwao baada ya vita, bwana, atakuwa amenenepa. Lakini huyu mama alichorwa kabla. Yeye habari hizo hazijamfikia. Haya, ingieni. Nikipiga kengele mje mbele msimame vizuri, niwapige."

Walipanda jukwaa na kuingia. Kemunto alitangulia, kisha akarudisha mkono nyuma kumshika Jairus.

Mawe ya uwanja yaliunguza kupitia soli za viatu. Ulikuwa uwanja wa mviringo, nyumba zimeuzunguka kama watu waliokaa kusikiliza kesi. Jua lilikuwa utosini na halikusogea. Wazee walikaa vivulini, na Kemunto na Jairus wakawasalimu wote kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, kama walivyolelewa. Wiki yake ya kwanza Birmingham, Jairus alijaribu kuwasalimu hivyo watu wa kituo cha basi, wakasogea pembeni. Hapa walisimama kumpokea. Mchoraji alikuwa na Kiswahili cha kambini tu, kwa hiyo watu wake walizungumza hichohicho.

"Karibu," mzee mmoja alisema. "Jua kali. Pole."

"Tumeshapoa, mzee. Habari ya hapa?"

"Mzuri. Pole pole. Kesho."

"Kesho nini?" Kemunto alinong'ona.

"Nadhani maneno ndiyo yamekwisha," Jairus alisema.

Wakatembea mji. Waliona kanisa jeupe lenye nguzo nyingi, kila moja imesokotwa kivyake. Walipanda mnara uliokuwa na miti juu yake, miti mizima yenye kivuli, na Kemunto akataka kujua ni nani anayepanda ngazi zote zile na ndoo ya maji. Pale juu walikaa wakala mkate mtamu wenye zabibu kavu waliopewa na mwokaji, ambaye alikataa katakata kupokea chochote. Paa zote za mji zilikuwa rangi ya udongo wa Kisii baada ya kulimwa. Nyuma ya paa, mahali ambapo palipaswa kuwa na milima ya kwao Italia, mchoraji alikuwa amechora mlima Longonot wa Bonde la Ufa, na mdomo wake uliomegeka.

"Alianza kusahau," Jairus alisema.

"Hakusahau. Alichora alichokuwa akikiona kila siku." Kemunto alifuta jasho shingoni mwa mumewe kwa leso. "Hata mimi ukiniambia nichore kwetu leo, nitaweka basi jekundu katikati ya migomba."

Jairus akasema, "Asante kwa kuja nami." Hakueleza kama alimaanisha mnarani au Uingereza.

Waliposhuka, mji ulikuwa unafunga. Watu wa pale walikuwa na desturi ya kuingia ndani joto likizidi. Milango ilifungwa mmoja mmoja, vibao vya madirisha vikavutwa, wazee wakabeba viti vyao. Uwanja ukabaki mtupu. Kemunto na Jairus walisimama katikati yake wakiwa wameshikana mikono. Kusimama nje wakati wengine wana pa kuingia lilikuwa jambo wanalolijua.

"Turudi?" Jairus aliuliza.

Mwanamke mnene aliyevaa nyeusi alitoka katika nyumba ya madirisha ya kijani, akawapungia mkono kwa haraka, kama mtu anayewaita watoto mvua inapoanza.

"Nyinyi natoka Kenya?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Mtoto yangu. Nakula?"

Jairus hakuzoea kusema asilolijua. Kemunto ndiye aliyejibu. Aliuchukua mkono wa yule mama kwa mikono yake miwili, jinsi anavyowashika wagonjwa wake. "Anakula, mama. Anakula vizuri. Anakusalimu sana."

Yule mama alitikisa kichwa kukubali mara kadhaa. Kisha akawapandisha ngazi hadi kwenye chumba cha juu. Kilikuwa na kitanda cha mbao chenye shuka nyeupe, jagi la maji, na msumari ukutani. "Chumba yake," alisema. "Yeye hapana hapa. Nyinyi lala." Akamkabidhi Kemunto ufunguo, akashuka akivuta pumzi.

Kemunto aliutazama ufunguo. Aliufunga mlango, akaufungua, kisha akaufunga tena.

"Unafanya nini, sista?"

"Nasikiliza."

Jairus alivuta vibao vya kijani vya dirisha, na chumba kikawa na giza baridi kama la ndani ya mtungi. Kemunto akatundika gauni lake la njano kwenye msumari. Shuka zilikuwa zimepoa. Jairus alizigusa kwa kiganja, upande huu na upande ule, akakaa ukingoni mwa kitanda na kulia kidogo, na mkewe akamwacha alie kwanza. Kisha akamwambia asogee.

Hawakusikia kengele. Walipotoka, Lakhbir alikuwa anafagia studio, na familia ya Jamaika ilikuwa imekwisha kwenda zake, imeacha kikombe mezani.

"Nilipiga kengele hadi mkono ukauma," alisema. "Nina bibi harusi mwingine mlangoni. Nikasema basi, nikapiga picha hivyohivyo."

Picha ilipokuwa tayari, walikuta ni safi sana. Ulionekana uwanja wa mviringo, mtupu, na jua. Ulionekana mnara wenye miti na Longonot kwa mbali. Ilionekana nyumba, na dirisha la juu ambalo vibao vyake vilikuwa vimefungwa.

"Sisi hatumo," Jairus alisema. "Tupige nyingine, Kemu. Mama hataona mtu."

Kemunto aliishika picha karibu na macho kwa muda mrefu. "Tumo," alisema. "Hakuna uongo hapa. Mtumie hii."

Picha ilikwenda Kisii. Mama aliitundika kwenye ukuta unaotazama mlango, akaomba ugali. Wageni walipouliza mbona hawamwoni binti wala mkwe, aliwajibu kwamba ni mchana, kuna joto, na wao wako ndani kwao wamelala. Mlitaka watoke wawaoneshe nini? Kupitia kwa Gertrude alituma salamu kwa mwenye nyumba, na shukrani, na maneno kwamba mtu aliyempa mwanawe mlango Mungu atamfungulia wake.

Kemunto na Jairus walizifikisha salamu hizo Jumamosi iliyofuata ya mapumziko, na yule mama wa madirisha ya kijani akauliza kama mwanawe anakula.

Siku hiyo jioni, basi lilipopita Great Barr, kadi ilikuwa bado kwenye dirisha lile. Jua la kiangazi lilikuwa limeifuta maandishi yote, na sasa ilikuwa karatasi nyeupe. Jairus alimsindikiza mkewe hadi kwenye ngazi ya bweni, mahali anaporuhusiwa kufika. Kisha akarudi Ladywood, akamkuta Kamau anafunga kamba za viatu kwenda kazini, na mto umekwisha kugeuzwa.